Enzaimu kwenye chakula cha watoto wa nguruwe: mashudu ya mbata, mavi mepesi na ukuaji duni (Malindi)

Mfugaji_Ganda

Salaam wakuu. Niko upande wa Ganda, nje kidogo ya Malindi. Nina watoto wa nguruwe 22 wa mama wawili, walioachishwa ziwa wakiwa na wiki tano. Sasa wametimiza wiki saba na wastani wao ni kilo 9. Wanakula vizuri, lakini hawaongezeki. Mavi yao ni mepesi, ya kijivu, na ukiyaangalia unaona vipande vya mahindi na makapi vilivyotoka kama vilivyoingia. Matumbo yamefura, migongo imebaki mifupa. Wachache ngozi imekauka na kufanya magamba miguuni na nyuma ya masikio.

Chakula nachanganya mwenyewe. Kwa kilo 100: mahindi 30, pumba za ngano 30, mashudu ya mbata 25 (ndiyo rahisi kupata huku), dagaa 12, chokaa ya mifugo 2, chumvi nusu kilo, premiksi (vitamini na madini) nusu kilo. Maji ni ya kisima, yana chumvichumvi. Mara mbili kwa wiki wanapata mabaki ya hoteli kutoka Watamu.

Agroveti wameniuzia pakiti ya enzaimu. Lebo inasema ina zailanesi, selulesi, amilesi na protiesi, kipimo gramu 250 hadi 500 kwa tani. Je, hii itawafaa? Naipimaje wakati mimi nachanganya kilo 100 tu? Naweza kuitia kwenye mabaki ya hoteli? Na kuna faitesi, enzaimu nyingine, nimesikia inapunguza gharama ya DCP (unga wa madini wa kuongeza kalsiamu na fosforasi), ni kweli? Mwenzangu mmoja anasema papai bichi lililopondwa linafanya kazi ileile bure.

---

FundiChakula

Kabla ya kumwaga pakiti hiyo, tuangalie itakuta nini ndani ya chakula. Kila kimeng'enya, yaani enzaimu, kina kitu chake inachokikata. Kitu hicho kisipokuwepo, au kikiwa kidogo, umenunua unga wa bei ghali.

Zailanesi inakata arabinozailani, nyuzinyuzi za pumba za ngano na poladi (pumba laini za ngano). Una kilo 30 za pumba, kwa hiyo itapata kazi. Amilesi husaidia wanga katika siku za mwanzo baada ya kuachishwa ziwa, maana tumbo la mtoto lilizoea sukari ya maziwa na bado halijazoea nafaka. Kufikia wiki ya saba kongosho lake mwenyewe linatoa ya kutosha. Protiesi, ya kukata protini, nitaijia.

Shida yako kubwa ni zile kilo 25 za mashudu ya mbata. Nyuzinyuzi za nazi si sawa na za ngano. Sehemu kubwa ni manani, na nguruwe, awe mdogo awe mkubwa, hatoi kimeng'enya cha kuikata. Pakiti yako pia haina. Kinachotakiwa hapo ni mananesi. Kwa hiyo robo nzima ya chakula chako haiguswi na ulichonunua. Halafu mashudu hayo hunywa maji yakafura, na mtoto wa kilo 9 anajaa tumbo kabla lishe haijamtosha.

Nimepiga hesabu ya mchanganyiko wako kwa makadirio ya kawaida ya malighafi. Protini ghafi ni kama asilimia 18.5. Ukiitazama hiyo peke yake utasema mambo safi. Lakini laisini, kijenzi cha protini ambacho nguruwe hukihitaji zaidi, haifiki asilimia 0.9, wakati mtoto wa uzito huo anataka karibu 1.2 au zaidi. Mashudu ya mbata yana protini ya asilimia 20 hivi, ila laisini yake ni haba, na sehemu ya hiyo kidogo huharibiwa na joto la mashine ya kukamulia mafuta. Nyuzinyuzi ghafi zinafika karibu asilimia 7. Kwa umri huo usivuke 5.

Sasa chokaa. Ukijumlisha kilo 2 za chokaa na mifupa ya dagaa, kalsiamu inakaribia asilimia 1.2, fosforasi haifiki 0.8, na karibu nusu ya fosforasi hiyo imefungwa kwenye faiteti, ghala la fosforasi ndani ya nafaka na mashudu, mtoto haipati. Chokaa iliyozidi ina madhara mawili. La kwanza, inameza asidi ya tumbo. Mtoto aliyeachishwa ziwa juzi hatoi asidi ya kutosha, na pepsini, kimeng'enya cha tumbo cha kusaga protini, inataka pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya 2 hadi 3.5. Chokaa inaivuta pH juu, protini inapita haijasagika, inakwenda kuwalisha bakteria wa utumbo mpana, na hao ndio wanaolainisha mavi. Protiesi ya pakiti haiwezi kushinda hapo huku wewe unaendelea kumwaga chokaa. La pili, kalsiamu nyingi hujifunga na faiteti, na zikishashikana hata faitesi haizifungui vizuri.

Jibu langu kwa swali la kwanza: pakiti hiyo itasaidia kidogo kwenye pumba, basi. Rekebisha chakula kwanza.

---

Veti_Langobaya

Naongeza upande wa afya, kwa sababu enzaimu si dawa ya kuhara.

Wiki saba, tumbo kubwa, mgongo mifupa mitupu: minyoo ichunguzwe kabla ya kulaumu chakula. Chukua mavi mabichi ya watoto watano au sita, weka kwenye mfuko safi, yafike kwa ofisa wa mifugo siku hiyohiyo ayapime kwa hadubini. Kuhara kwa koksidia (vimelea vya utumbo) huja mapema zaidi, kati ya siku ya 5 na ya 15 tangu kuzaliwa. Kuhara kwa E. coli baada ya kuachishwa ziwa huwa ndani ya siku 3 hadi 10 za mwanzo, mavi ni maji kabisa na vifo huja ghafla. Ulichoeleza hakifanani na hivyo viwili, lakini ukiona damu, homa, au kope zilizovimba na mtoto anayeyumba, acha mambo ya chakula, mwite daktari.

Ngozi inanivutia zaidi. Kuna mawili ya kutenganisha. Ukurutu unaoletwa na wadudu humwasha sana. Mtoto hujisugua ukutani mchana kutwa, na magamba huanzia ndani ya masikio. Dawa yake ni aivamektini, mililita 1 ya dawa ya asilimia 1 kwa kila kilo 33 za uzito, chini ya ngozi, na sindano ya pili baada ya wiki mbili. Kama hawajikuni sana, na magamba yako pande zote mbili sawasawa, huo ni upungufu wa zinki. Tena si lazima premiksi iwe haina zinki. Kalsiamu nyingi pamoja na faiteti huishika zinki isipenye utumboni, na kwa hesabu aliyotoa FundiChakula ndicho ninachokishuku. Punguza chokaa, tia faitesi, na ngozi hurudi ndani ya wiki chache. Faitesi ikikata faiteti inaachia fosforasi pamoja na zinki iliyokuwa imenaswa.

Usikimbilie kumwaga oksidi ya zinki kwa kipimo kikubwa cha kuzuia kuhara. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa matumizi hayo Juni 2022 kwa sababu ya kuchafua udongo, na kiwango hicho hupunguza nguvu ya faitesi.

Mabaki ya hoteli: chemsha dakika 30 tangu yaanze kutokota, ukikoroga mpaka chini, kila mara bila kuruka. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba na virusi vyake hukaa ndani ya nyama ya nguruwe iliyopikwa nusu, soseji na bekoni, vitu ambavyo hoteli za watalii hazikosi. Ndoo ya kubebea mabichi isiguse yaliyochemshwa. Mimi kwa watoto wa umri huo nisingewapa kabisa. Mafuta na chumvi vinabadilika kila siku, na huwezi kujua enzaimu imefanya nini wakati chakula chenyewe leo ni biriani, kesho ni chipsi.

---

Mfugaji_Ganda

Asanteni sana. Hawajikuni hata kidogo, kwa hiyo daktari huenda umegonga penyewe. Mavi nayapeleka kesho. FundiChakula, nipe basi mchanganyiko unaofaa, na namna ya kutia hiyo enzaimu bila mizani ya maabara. Mashudu ya mbata nina magunia manne, sitaki kuyatupa.

---

FundiChakula

Hautayatupa. Huu ni mchanganyiko wa kilo 100 kwa watoto wa kilo 8 hadi 20:

Mahindi yaliyosagwa 53
Soya nzima iliyokaangwa, kisha ikasagwa 20
Poladi 10
Mashudu ya mbata 8
Dagaa 6
DCP 1.0
Chokaa ya mifugo 0.8
Premiksi ya nguruwe 0.5
Chumvi 0.3
Laisini 0.3
Methionini 0.1

Hapo protini ni asilimia 18 na kidogo, laisini karibu 1.2, nyuzinyuzi kama 4, na uwiano wa kalsiamu kwa fosforasi ni 1.1 hadi 1.2 kwa 1. Kama dagaa wako ni wa chumvi, ondoa chumvi yote. Kama wameanikwa mchangani, wapepete kwanza. Ukimwaga kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, mchanga utauona chini. Usinunue mchanga kwa bei ya protini.

Soya lazima ikaangwe, hakuna mjadala. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini vinavyoufunga mfumo wa protini wa mtoto, na protiesi ya pakiti haitoshi kuviondoa. Kaanga kwa moto wa wastani ukigeuza mfululizo mpaka punje ziwe rangi ya kahawia isiyokolea, ngozi ipasuke, na ukitafuna usisikie ladha ya maharage mabichi. Ikikolea ikawa nyeusi umeiua laisini.

DCP nimeweka kilo 1.0 kwa sababu nimehesabu faitesi ipo. Bila faitesi weka 1.5 na upunguze mahindi nusu kilo. Ndiyo maana ya kuokoa DCP. Uniti 500 za faitesi kwa kila kilo ya chakula hufungua fosforasi ya asilimia 0.1 hivi, ambayo ni sawa na kama kilo nusu ya DCP katika kilo 100. Wengi hutia faitesi juu ya DCP ileile, kisha wanalalamika hawaoni faida. Wengine wanatoa DCP halafu wanajazia chokaa palepale, wakaharibu uwiano. Ukitoa DCP, jazia mahindi.

Kupima. Faitesi huuzwa kwa nguvu tofauti, kwa hiyo usitumie gramu za jirani. Soma lebo: kama ni uniti 5,000 kwa gramu, chakula cha kilo 100 kinataka uniti 50,000, ambazo ni gramu 10. Kama ni 10,000 kwa gramu, ni gramu 5. Za zailanesi na mananesi fuata gramu za lebo tu. Kila kampuni hupima uniti zake kwa njia yake, usilinganishe namba za lebo mbili. Pakiti uliyonayo ni gramu 25 hadi 50 kwa kilo 100. Mizani ndogo ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja inatosha. Kijiko hakifai, maana unga mmoja ni mwepesi na mwingine ni chembechembe nzito.

Kuchanganya ndiko watu wanakokosea. Gramu 10 ukizitupa juu ya rundo la kilo 100, watoto kumi watapata za watu mia na wengine hawapati kitu. Fanya kwa ngazi. Chukua nusu kilo ya unga laini wa mahindi kwenye beseni kavu, tia enzaimu, changanya mpaka uridhike. Mimina hiyo kwenye kilo 5 za poladi, changanya tena. Kisha tandaza hizo juu ya rundo zima lililokwisha tandazwa sakafuni, ugeuze kwa koleo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, rundo lihame zima, si chini ya mara sita. Laisini, methionini na premiksi zipite ngazi hizohizo, lakini kwenye beseni lao. Usihifadhi enzaimu ikiwa imeshachanganywa na premiksi, chumvi au mrututu. Madini na unyevu huila polepole. Changanya siku ya kutumia.

Na jifunge kitambaa puani na mdomoni, au barakoa. Vumbi la enzaimu ni protini, likiingia mapafuni mara kwa mara huleta pumu. Usichanganyie mlangoni wakati kusi inavuma.

Kusagia: tundu la ungo la milimita 3 linatosha. Mahindi yenye vipande vikubwa ndiyo unayoyaona kwenye mavi, na hapo hata enzaimu haiingii ndani ya punje. Lakini usisage kama unga wa ugali. Unga laini mno huleta vidonda vya tumbo. Dagaa sagia mahali pa chakula cha mifugo, si kwenye kinu cha posho cha mtaani. Harufu ikibaki kwenye mashine mwenye kinu hatakuita tena, na ana haki.

---

MamaVitoto_Gede

Kaka wa Ganda, swali la papai halijajibiwa. Utomvu wa papai bichi una papaini, ni kweli ni protiesi. Tatizo ni kwamba nguvu yake hubadilika kwa kila tunda, hupungua ukilianika juani, na hukata protini tu. Shida yako haikuwa hiyo. Ni nyuzinyuzi, faiteti na laisini. Papai lenyewe wape wale, si baya, lakini usilihesabu kama enzaimu.

Mabaki ya hoteli ya moto usiyatie enzaimu. Kimeng'enya ni protini, joto linakiua. Zisizofunikwa huanza kufa chakula kikipita nyuzi 80 hivi, na kwenye uji wenye maji maji hufa hata chini ya hapo. Kama ni lazima, subiri mpaka uweze kutumbukiza mkono bila kushtuka, ndipo utie.

Kuna njia ya bei ndogo zaidi ambayo sijaiona hapa: kuchachusha. Pumba za ngano na poladi zina faitesi yake ya asili, nyingi kuliko mahindi ambayo karibu hayana. Ikiwa kavu imelala tu. Ukiiloweka inaamka. Chukua mahindi, poladi na mashudu (dagaa, laisini, premiksi na chumvi viache kando), kilo moja kwa lita mbili na nusu za maji, kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko. Kwa joto letu la Malindi saa 24 zinatosha. Asubuhi toa theluthi mbili, ulishe, bakisha theluthi moja iwe chachu ya kesho. Chachu ya mara ya kwanza: anza na maziwa ya mgando nusu lita kwa kilo 10 za chakula, na usilishe kundi hilo la kwanza mpaka karatasi ya pH ionyeshe chini ya 4.5. Kabla ya hapo bakteria wabaya wanazaliana pamoja na wazuri.

Laisini tia wakati wa kulisha. Ukiitia kwenye pipa, bakteria wanaila na umetupa pesa. Hilo watu hawalijui, wanashangaa chakula kizuri watoto hawakui. Harufu inayotakiwa ni ya maziwa lala. Ikinuka pombe au rangi ya kupaka, hamira imetawala. Inakula wanga, mwaga, osha pipa, anza upya. Na kihori kioshwe kila baada ya mlo.

Asidi ya pipa pia inalisaidia tumbo la mtoto ambalo halijaweza kutoa yake.

---

Hesabu_Kwanza

Yote mazuri, lakini pesa je? Tuchukue watoto wake 22, kutoka kilo 9 hadi 20. Kila mmoja anaongeza kilo 11. Akila kilo 2.0 kwa kila kilo anayoongeza, ni kilo 22 za chakula kwa mtoto, 484 kwa wote. Tuseme enzaimu inashusha 2.0 hadi 1.9: mtoto anaokoa kilo 1.1, kundi linaokoa kilo 24. Upande wa pili, kilo 484 zinataka gramu 48 za faitesi ya uniti 5,000, pamoja na mananesi kwa kipimo cha lebo yake. DCP iliyopungua ni kama kilo 2.4. Weka bei za agroveti wako kwenye hesabu hiyo. Faitesi kwa kawaida hujilipa kwa DCP peke yake. Nyingine zote zinategemea una nyuzinyuzi kiasi gani. Kwenye chakula cha mahindi na soya tupu, zailanesi na mananesi hazina cha kushika.

Wauzaji wakikuambia mtoto ataongeza mara mbili, waache waende zao.

Halafu jambo moja kwa mwenye swali. Ukiacha chakula chako cha zamani leo na kuanza kipya chenye enzaimu kesho, watoto watakua, na utaipa enzaimu sifa ambayo ni ya soya na laisini. Kama unataka kujua, tenga vyumba. Gawanya watoto wa kila mama pande zote mbili, madume na majike sawa, wakubwa na wadogo sawa. Mchanganyiko uleule, upande mmoja una mananesi, mwingine hauna. Pima uzito asubuhi kabla hawajala, siku ya kwanza na ya 21, na pima chakula kinachoingia pamoja na kinachobaki. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 5 usiihesabu kuwa kitu, chumba kimoja kwa kimoja hakiwezi kuthibitisha kidogo hivyo.

---

Veti_Langobaya

Nisisitize maji, maana yamepita kimyakimya. Kisima cha chumvi, dagaa wa chumvi, mabaki ya hoteli na nusu kilo ya chumvi kwenye chakula: jumla hiyo yenyewe inalegeza mavi. Kama unaweza kupata maji ya bomba ya Baricho kwa ajili ya watoto peke yao, wape hayo, na kisima kibaki cha kuoshea banda. Tangi liwe kivulini. Wakati wa kaskazi maji ya bomba lililolala juani hutoka ya moto, watoto hawanywi, na asiyekunywa hali. Nipo (chuchu ya kunywea maji) ya wadogo itoe nusu lita hadi lita moja kwa dakika. Pima kwa chupa na simu. Na usiruhusu maji yakauke hata nusu siku wakati chumvi ni nyingi. Sumu ya chumvi huja hivyo, mtoto anazunguka, anapiga kichwa ukutani, anaanguka kwa degedege. Ikitokea, mrudishie maji kidogo kidogo, usimwache anywe yote kwa pupa.

---

Mfugaji_Ganda

Nimeelewa. Nimezunguka agroveti za mjini: faitesi ipo, mananesi hakuna, wanasema mpaka iagizwe Mombasa. Nifanyeje kwa sasa? Na enzaimu niihifadhi wapi, stoo yangu ni ya mabati.

---

FundiChakula

Bila mananesi, toa mashudu ya mbata kwenye chakula cha watoto mpaka wafike kilo 20. Zile kilo 8 weka poladi 5 na soya 3. Poladi ikifika 15, pakiti yako ya zailanesi sasa ina kazi ya kweli, itumie kwa gramu 50. Faitesi nunua, kisha ifuate hesabu ya DCP kama ilivyo hapo juu.

Badilisha chakula taratibu: siku mbili robo ya kipya, siku mbili nusu, siku mbili robo tatu. Watoto wenye matumbo mabovu ukiwapa soya nyingi ghafla wataharisha zaidi, utadhani nimekudanganya.

Stoo ya mabati hapana. Mchana bati hufika joto ambalo enzaimu itapoteza nguvu ndani ya miezi michache hata pakiti haijafunguliwa. Weka ndani ya nyumba, chombo kisichopitisha hewa, mahali penye giza. Friji inafaa, ila ukiitoa iache ipate joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo umande unaingia kwenye unga na unashikana. Soma tarehe ya mwisho, na muulize mwenye duka alikuwa ameiweka wapi. Ikiwa ilikaa dirishani juani, mwachie.

Magunia yako manne wape nguruwe wa kuanzia kilo 40, hadi asilimia 20 ya chakula, ukiongeza laisini. Utumbo mpana wa mkubwa una bakteria wanaochachusha manani kiasi, wa mtoto bado. Lakini fungua kila gunia ulivunje kwa mkono mpaka katikati kabla ya kulisha. Mbata iliyokaushwa vibaya huotesha ukungu, na masika unyevu wetu hausamehi. Ukiona kijani au manjano ya vumbi, au mashudu yameganda mabonge yenye joto, hilo gunia usilichanganye na mazuri ili kulipunguza makali. Sumukuvu haichemki ikaisha, na hakuna kimeng'enya kwenye pakiti yako kinachoigusa. Mama mwenye mimba usimpe hata kiganja cha gunia la aina hiyo.

---

MamaVitoto_Gede

Na machicha ya nazi ya jikoni ni mulemule, manani tupu na mafuta. Yakilala usiku mmoja yameshachacha. Kuku watayafurahia asubuhi hiyohiyo, watoto wa nguruwe usiwape.